Mwanangu, hiyo pesa ya rumu usitume kwanza

Assalaam alaykum mamangu. Nakupigia hushiki, nduguyo asema uko mteja tangu asubuhi, basi nakuandikia utasoma ukipata nafasi. Jana redioni wametaja watoto walotapeliwa kodi za nyumba ughaibuni, wamefika na mabegi yao, nyumba yenyewe haipo. Nikakuwaza wewe na huyo ajenti wako wa rumu ya Leiden, huko Uholanzi unakokwenda kusoma. Usitume. Kitanda kizuri, dirisha lina maua, nimeona, lakini picha ni picha.

Na si wewe ndo ulonifunza hivyo? Ile picha ya Webb, darubini ya angani, ya Julai 2022 iko kwa simu yangu mpaka leo, vile vistari vilojipinda ni galaksi (ile miji ya nyota) za nyuma kabisa, kundi la galaksi lililo mbele yake lina uzito mkubwa (na mwingi hata hauonekani) mpaka linapinda njia ya mwanga na kuukuza, ndo mnaona vitu ambavyo darubini peke yake isingevifikia. Nimemweleza mzee wa dukani kwa kitako cha glasi juu ya gazeti, herufi zikavutika, akaelewa. Mimi niliyekuwa nikisema fizikia haina kazi, haya, cheka.

Sasa ile galaksi yenu ya MACS0647-JD, inayoonekana mara tatu kwa mwanga kupindwa hivyo hivyo na kundi jingine, mwanga wake ulitoka ulimwengu ukiwa na miaka kama milioni 460 tu. Ilipoonekana kwa Hubble, darubini iliyotangulia Webb, 2012, kuna aliyeapa hapo hapo? Walipiga hesabu uzito wa lile kundi la mbele umekaaje, picha tatu ziangukie wapi, wakalinganisha rangi, na bado wakasema ni ya kudhaniwa tu, mpaka Webb ilipokuja kuuchambua mwanga wake. Tena ikaonyesha pale kumbe pana vitu viwili vimekaribiana! Wewe huyo mtu umemjua juzi kwa WhatsApp. Na nduguyo ameikuta rumu hiyo hiyo mahali pengine kwa intaneti, jina jingine, bei nyingine. Galaksi moja kutokea mara tatu ni sayansi, rumu moja kutokea mara mbili ni wizi.

Waandikie chuo leo, wana ofisi ya wageni, waulize wanamjua ama hawamjui. Wakikosa rumu utalala kwa mjukuu wa jirani kule Rotterdam mpaka upate, si aibu. Akili unayo, wallahi mtaa mzima nimeuchosha kwa kukusifu, ila haraka yako ndo inanikosesha usingizi. Ukifika huko waambie kuwa Uhuru, setilaiti ya kwanza iloundwa mahsusi kutazama eksirei za angani, ilirushwa hapa Ngomeni 1970, na ndo ilowaonyesha makundi ya galaksi yanavyotoa eksirei. Wasidhani umetoka porini.

Mamako amekufungia achari na ng'onda, nimemwambia hilo begi litanuka mpaka Ulaya, hasikii. Maji ya mfereji hayajarudi, tunanunua ya mkokoteni. Makuti ya banda yavuja upande wa jikoni, fundi nilimpa pesa yote kabla hajaanza, sasa simu yake haipatikani, usimwambie mamako. Shangazi yako wa Mambrui usiondoke bila kumuaga, ataninunia mimi.

Jibu la chuo likija nitumie nilisome mwenyewe, hata likiwa la Kizungu kirefu.

Babako