YAH: Miwani ya urubani iliyopimwa kama ya kusomea gazeti

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Hii ni barua yangu ya pili. Ya kwanza mliijibu kwa sentensi moja: niendelee kuvaa, macho yatazoea. Nimevaa wiki saba. Macho hayajazoea, na sasa nimeshaelewa kwamba hayatazoea, kwa kuwa kasoro haimo machoni mwangu. Imo katika mahali mlipoziweka nguvu za lenzi.

Nina miaka 58 na narusha glaida, yaani ndege isiyo na injini. Kama ilivyo kwa kila aliyevuka miaka arobaini na kitu, lenzi ya ndani ya jicho langu imekakamaa, haijirekebishi tena kutazama kitu cha karibu. Kwa mbali nahitaji nusu dayopta tu (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Mpima macho wenu aliyaona hayo yote sawasawa, na kwake sina neno. Lawama zangu zinaanzia meza ya fremu.

Nilimweleza mhudumu wenu, kwa maneno na kwa mikono, kwamba rubani wa glaida hakai kama dereva wa basi. Hukaa nusu amelala, miguu imenyooka mbele, na dashibodi iko chini, juu kidogo ya magoti. Nilikuwa nimepima kwa tepu kutoka jichoni hadi kwenye altimita, kile kifaa kinachoonyesha niko juu kiasi gani: sentimita 72. Nikampa karatasi yenye vipimo na picha. Akaitia kwenye droo. Kisha akanisimamisha wima, akaweka nukta mbili za kalamu kwenye lenzi za mfano, akaagiza progresivu za kawaida, yaani lenzi ambazo nguvu yake huongezeka polepole kutoka juu hadi chini, zenye nyongeza ya 2.25 (nguvu inayoongezwa kwa ajili ya kuona karibu).

Fanyeni hesabu wenyewe. Nyongeza ya 2.25 huonyesha wazi kitu kilicho sentimita 44 hivi, umbali wa kitabu mkononi. Sentimita 72 zinataka takribani 1.40. Najua nguvu hiyo imo ndani ya progresivu, lakini imo katikati, kwenye ujia mwembamba. Mimi nikishusha macho kutazama dashibodi naupita ujia huo na kuangukia sehemu ya kitabu, nami sina kitabu. Ili niisome altimita inanibidi niinamishe kidevu na kuwinda ule ujia, kichwa juu, kichwa chini, kama mjusi ukutani. Nikiwa nazunguka kwenye mkondo wa hewa inayopanda pamoja na glaida nyingine tatu, kila sekunde ninayoitumia kuitafuta sindano ni sekunde ambayo siwatazami wenzangu.

Hilo la dashibodi pengine ningelivumilia. La kutua, hapana.

Glaida ikikosea kutua haina injini ya kuipandisha ikajaribu tena, kwa hiyo kona ya mwisho kuelekea uwanjani hupigwa mara moja. Ikiwa ni kona ya kushoto, macho yangu hutazama chini kushoto, kando ya bawa. Na chini pembeni ndiko progresivu hurundika upotoshaji wake. Ni tabia ya lenzi hizo, nani aliyezitengeneza si hoja. Mwezi uliopita niliuona ukingo wa uwanja ukipinda na kuyumba kana kwamba nautazama kupitia maji, nikashindwa kukadiria niko juu kiasi gani. Bahati, mwalimu alikuwa kiti cha nyuma. Akashika usukani, tukatua. Aliniuliza swali moja tu: "Miwani mipya?"

Kuhusu jozi ya jua, niliomba rangi ya kahawia ya kawaida. Mkanitengenezea lenzi za polaraizi, zile zinazokata mng'ao, na kuniambia ni zawadi. Kwa mvuvi ni zawadi kweli. Kwangu, skrini ya kifaa cha urambazaji huwa nyeusi nikiinamisha kichwa upande, kifuniko cha plastiki juu yangu hujaa mabaka ya rangi za upinde wa mvua, na mmweko wa jua juu ya bawa la glaida nyingine, ambao mara nyingi ndio dalili ya kwanza kwamba kuna mtu mbele, unaweza kufifia. Nimewarudishia bila kuivaa mara ya pili.

Nilipopiga simu, kijana wenu akanishauri nihamie lenzi za kubandika machoni, zile zenye fokasi nyingi, yaani nguvu kadhaa katika lenzi moja. Nilimsikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kanuni za ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kuhusu leseni, katika Kiambatisho cha 1, zinataka lenzi za kubandika za rubani ziwe za fokasi moja na zisiwe na rangi. Pia zinamtaka rubani awe na miwani ya akiba karibu naye. Hiyo ya akiba mliniahidi, na mpaka leo sijaipata.

Ninachotaka si kikubwa. Nitengenezeeni upya jozi mbili zinazofanana, za baifokali, zile za kizamani zenye mstari, ambazo mhudumu wenu aliziita za wazee. Sehemu ya juu iwe ya mbali, pana na safi hadi pembeni. Kijisehemu cha chini kiwe kidogo, chenye nyongeza ya 1.50, na mstari wake ukae pale macho yangu yanapovuka ukingo wa juu wa dashibodi. Ramani nitaichapisha kwa herufi kubwa. Mkono wa fremu uwe mwembamba usinizibe pembeni. Na kipimo kichukuliwe nikiwa nimekaa kama ninavyokaa angani. Kiti chenyewe nitakuja nacho, kinafunguka kwa skrubu nne.

Kama hamuwezi, nirudishieni fedha zangu zote, ikiwemo malipo ya jozi ya akiba ambayo haijawahi kuwepo. Nasubiri jibu lenu kwa siku 14. Hadi hapo sirushi ndege peke yangu, na siku nzuri za kuruka zinapita nikiwa chini nashikilia kamba ya wengine.

Wenu,
Mteja wenu wa miaka sita

Viambatisho: nakala ya karatasi ya vipimo (ile ya kwanza iko kwenye droo yenu), picha tatu nikiwa kitini, na miwani yenyewe.