Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Gharama za Mbio za Robo Maili

Ndugu wanachama wa Arusha na Moshi,

Mhazini atawasomea mapato na matumizi, na katibu ana taarifa ya uanachama. Mimi muda wangu nautumia kwa jambo moja linaloniumiza: mchezo wetu, wa magari mawili kushindana kwenye mstari ulionyooka wa robo maili, unazidi kuwa wa wenye fedha. Kila msimu naona watu waliokuwa madereva wakisimama pembeni na watazamaji, magari yao yamekaa nyumbani juu ya matofali.

Mchezo huu haukuanza hivyo. Mwaka 1950, kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Santa Ana, California, C. J. Hart aliandaa mbio ambazo kiingilio chake kilikuwa senti 50, na vijana walikuja na magari waliyoyaunda wenyewe. Leo, kwenye Top Fuel, daraja la magari yenye kasi zaidi huko huko Marekani, injini hufunguliwa na kuundwa upya baada ya kila mkimbio, na mkimbio mmoja unameza zaidi ya lita 40 za nitromethani, mafuta maalumu ya mbio. Sisi hatuko huko wala hatutafuti kufika. Ila tabia ni ile ile: kila mtu anamkimbiza aliye mbele yake, na kila sehemu ya kumi ya sekunde unayoipunguza inakugharimu kuliko ile ya kabla yake.

Kwetu hata mwinuko unaongeza bei. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Tanga au Dar es Salaam. Ndiyo maana Altezza ambayo zamani ilitosha kama ilivyo, sasa mwenyewe anataka ifungwe tabo. Na tabo haiji peke yake. Ukiongeza hewa, pampu ya mafuta inazidiwa. Ukibadilisha pampu, nozeli za kunyunyizia mafuta hazitoshi. Nguvu ikipanda, gasketi ya silinda hedi inapuliza. Ukiimarisha hedi, klachi inateleza. Ukiweka klachi ngumu, gia boksi inavunjika. Msimu huu nilisimama kwenye gereji moja pale Unga Limited, hapa Arusha, wakati fundi akiitoa gia ya pili kwenye oili, meno matatu hayapo. Mwenye gari, kijana wetu wa Moshi, akauliza kama yanaweza kuchomelewa. Hayawezi. Gia boksi nyingine ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, na ilipofika fedha ya tairi ilikuwa imeisha. Hatukumwona tena uwanjani.

Spea hizo zinafuata dola. Mwanzoni mwa 2015 dola moja ilikuwa chini ya shilingi 1,800. Mwaka 2024 ilivuka 2,600. Anayeagiza gari zima anakutana na ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na kwa kuwa magari tunayoyapenda yameshapita miaka 10, anaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kwa sababu ya umri wa gari. Hayo yako nje ya uwezo wetu. Nayataja kwa sababu nimechoka kusikia vijana wakiambiwa hawajitumi.

Gharama moja sitakubali ipunguzwe, nayo ni ya usalama. Wakaguzi walirudisha magari kadhaa, na baadhi yenu mlikasirika. Moja lilikuwa na mkanda wa kiti uliopauka kwa jua, nyuzi zimeanza kufumuka pale unapopita kwenye bizimu. Jua linaua mkanda hata kabla haujaonekana mbovu. Ndiyo maana viwango vya SFI, taasisi ya Marekani ya vifaa vya usalama wa mbio, vinataka mikanda ya mashindano ibadilishwe au ihakikiwe upya kila baada ya miaka 2. Helmeti ya bodaboda nayo haipiti: haijapimwa kwa moto, wakati yenye alama ya Snell SA, ya helmeti za mbio za magari, imepimwa. Najua bei yake. Kwa hiyo naomba chama kinunue helmeti chache za SA za kuazimana, na fedha hiyo itoke kwenye fungu la zawadi.

Sasa nafika kwenye pendekezo langu. Tuanzishe daraja la muda, kama Wamarekani walivyofanya walipobanwa na gharama hizi hizi. Kila dereva anaandika kwenye kioo muda anaotarajia. Mwenye Vitz akiandika sekunde 19.60 na mwenye Subaru akiandika 13.40, Vitz inawashiwa taa ya kijani sekunde 6.20 mapema. Anayefika kwanza ameshinda, ila akikimbia haraka kuliko muda alioandika, ametoka. Hivyo hakuna faida ya kuficha kasi. Kinachobaki ni dereva: jicho kwenye taa, mguu, na gari linalotoa muda ule ule kila mara. Ukichelewa kwenye taa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na mwenzako anavuka mstari kwa kilomita 130 kwa saa, umemwachia zaidi ya mita tatu na nusu. Hizo hazinunuliwi dukani.

Wenye magari yenye nguvu kubwa wameniambia tunawaadhibu kwa kuwekeza. Nawaheshimu, maana wengine wao ndio waliobeba chama hiki miaka ya shida. Daraja la wazi, la kasi tupu bila kuandika muda, litabaki na kombe lake. Fedha ya ushindi ndiyo naomba ihamie daraja la muda, ili fundi mwenye Starlet moja arudi nyumbani na kitu.

Kura itapigwa kabla ya uchaguzi wa kamati. Anayetaka kujaribu kwanza, taa na vihisi vitafungwa Jumamosi asubuhi. Aje na gari analoendea kazini.