Wito wa Harambee: Tuitengeneze Gayageum ya Mwalimu Kabla ya Sikukuu ya Chuseok

Ndugu zetu wa hapa Seoul, wazazi na marafiki mlioko nyumbani,

Sisi wapigaji wenu wa muziki tunaandika kwa haya. Gayageum ya Mwalimu wetu, ala ya nyuzi ya Kikorea aliyotuazima kwa moyo mweupe, imeharibikia mikononi mwetu.

Mlioko hapa mnazijua mvua za jangma, masika ya Korea ya wakati wa joto. Usiku ule maji yaliingia katika chumba chetu cha mazoezi, kile cha chini ya ardhi, yakafika kwenye vifundo vya miguu. Selo ilikuwa juu ya meza na fidla ziko kwa wenyewe. Gayageum tuliilaza sakafuni ndani ya mfuko wake. Asubuhi tulipoufungua, ubao wa juu ulikuwa umevimba na kupata ufa wa urefu wa kiganja, nyuzi nne zimekatika. Mwalimu alikuja, akaipangusa kwa kitambaa chake, akatuambia tusilie, tule kwanza. Hakudai chochote. Ndiyo maana usingizi hatuupati.

Kwa ambao hawajaiona, ifikirieni ile ala ya taarabu iitwayo kanuni, lakini ndefu na nyembamba: mwili wa mti wa mpaulonia, nyuzi 12 za hariri iliyosokotwa, na kila uzi juu ya kijidaraja chake kinachosogezwa, ambacho Wakorea hukiita anjok, mguu wa bata bukini. Mkono wa kulia hudonoa. Wa kushoto hubonyeza uzi ng'ambo ya kijidaraja, na sauti hupinda, hutetemeka, hulia kama mtu. Muziki wetu wote umekaa katika kupinda huko. Mpigaji wetu wa selo amejifunza kuifuata sauti inapoteleza badala ya kung'ang'ania noti iliyonyooka, na wa klarineti amejifunza kungoja mlio wa hariri ufifie wenyewe kabla ya kuingia. Ilituchukua miaka miwili, na Mwalimu hajawahi kutoza ada.

Wapo wanaoshauri tununue gayageum ya nyuzi 25, isiyo na hariri, inayopatana na piano bila taabu. Ni ala nzuri na watunzi wa leo wanaiandikia sana. Lakini dawa ya deni ni kulipa, na deni letu ni hii ya nyuzi 12.

Kuchanganya ala si jambo geni kwetu. Unguja wamekalisha fidla na selo pamoja na udi na kanuni, na hakuna anayesema taarabu si yetu. Mtunzi Mkorea Isang Yun (1917–1995) aliishi Berlin. Mwaka 1967 majasusi wa Korea Kusini walimteka, akafungwa, na bado hakuacha kuzitia sauti za kwao ndani ya ala za Kizungu. Mwaka 1971 aliandika utunzi wa oboe peke yake, akauita Piri, jina la zumari la mwanzi la Kikorea. Sisi Mungu ametujalia wapigaji wa pande zote mbili ndani ya chumba kimoja.

Mwaka jana mlituchangia nauli ya kwenda mji wa Busan kwa jioni moja tu, na hatujasahau. Lakini tuseme ukweli: kwenye onyesho la Desemba watu walisimama hadi mlangoni, simu zote juu zikirekodi, na kapu la mchango likarudi na won 61,000, fedha za Korea. Gayageum mliyoirekodi ndiyo hii iliyopasuka.

Fundi anataka won 900,000. Nyuzi za hariri ni 180,000, mashine ya kukausha hewa 320,000, rafu ya kuinulia ala 100,000. Jumla 1,500,000. Sisi wapigaji tumetoa 410,000, zimebaki 1,090,000. Watu 109 wakitoa won 10,000 kila mmoja, tumemaliza. Na kwenye kundi letu la WhatsApp tuko 164. Mhazini atatoa hesabu na risiti zote ndani ya siku 14.

Harambee ni Jumamosi hii baada ya ibada, chai ipo. Mlio mbali, mpeni mhazini ahadi zenu mapema. Siku ya Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Wakorea, tumealikwa kuwapigia wazee katika makao yao, na Mwalimu ndiye wa kuanza. Fundi ameshaichukua. Anasema hatagusa gundi mpaka ubao ukauke kabisa, na nusu ya fedha zake anaitaka kabla ya Ijumaa ijayo.