Watoto wasiwe pambo la matamasha ya utamaduni

Mhariri,

Msimu wa matamasha ya utamaduni ukifika katika kaunti za ziwani na Magharibi, mambo huwa yale yale. Watoto huvalishwa sketi za makonge na kupangwa juani tangu saa mbili asubuhi. Wageni waheshimiwa hufika saa tano. Hotuba huendelea hadi saa saba, kisha kila shule hupewa dakika tano icheze ngoma ya kabila lake na kuondoka. Hata pale mada inapotangazwa kuwa uhamaji, utaratibu haubadiliki: Waluo huku, Waluhya kule, Abagusii upande ule, kana kwamba kila jamii ilichipuka hapo ilipo kama mgomba. Sisi tunafundisha sanaa na somo la jamii mjini Kisumu. Tunaomba nafasi tueleze jinsi tamasha la namna hii linavyoweza kuandaliwa hadi mtoto ajifunze kitu, kwa gharama ambayo shule ya umma inaimudu.

Historia ya kufundishia haiko mbali. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na wakati huo eneo hili lilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka uliofuata mkoa wa mashariki wa Uganda ukaingizwa katika himaya ambayo leo ni Kenya. Mkazi wa Kisumu akabadilishiwa nchi bila kuinua mguu. Mpaka ndio uliohama. Reli hiyo ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India. Karibu 2,500 walifia kazini, wengi wakarudi kwao, na maelfu wachache wakabaki. Wahindi wakalima miwa Kibos na Miwani. Wanubi, wazao wa askari kutoka Sudan, nao wakafanya makao Kibos. Waluo wenyewe walishuka kutoka Bahr el Ghazal, katika Sudan Kusini ya leo, kizazi baada ya kizazi, na masimulizi yao yanakitaja kilima cha Ramogi huko Siaya. Profesa Bethwell Ogot, aliyetuacha Januari 2025, alijenga historia hiyo kwa kuwasikiliza wazee na kulinganisha walichosema. Mwanafunzi akikaa na nyanya yake na daftari mkononi, anafanya kazi ya aina hiyo hiyo.

Maandalizi yaanze wiki sita kabla. Wiki mbili za kwanza ni za kuuliza. Kila mwanafunzi wa Gredi ya 7 au ya 8 amwendee mtu mzima mmoja, awe nyanya, jirani au mchuuzi wa soko la Kibuye, akiwa na maswali manne tu. Ulikotoka paliitwaje? Ulipokuja ulibeba nini? Nani alikupokea? Ni chakula gani ulikikuta huku ambacho hukuwa umekizoea? Swali la "kwa nini mlihama" tunashauri lisiulizwe. Mwenye kutaka kusema sababu ataisema mwenyewe. Akilazimishwa, ama hufunga mdomo, ama humtwika mtoto wa miaka 13 mzigo ambao hata mwalimu hajajiandaa kuupokea. Dakika 20 zinatosha. Mtoto aandike angalau sentensi moja neno kwa neno katika lugha iliyosemwa, iwe Kijaluo, Kinubi, Kilogooli au Kigujarati, ndipo aweke Kiswahili chake chini. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Wanafunzi huleta muhtasari wa "alikuja Kisumu kutafuta kazi", na muhtasari 45 wa darasa zima hufanana kama sare. Kwenye sentensi halisi ndipo sauti ya mtu inaposikika.

Wapo watoto wasiomjua babu wala nyanya, wanaolelewa katika makao ya watoto au na jamaa asiyependa kuulizwa. Hao wasitengwe, wala wasilazimishwe kubuni ukoo. Wapewe safari ya kitu: mahindi na mihogo, ambayo asili yake ni bara la Amerika, au chapati, iliyofika kwetu pamoja na Wahindi. Kazi za makundi yote mawili zitundikwe zikiwa zimechanganywa, mgeni asiweze kubagua ni mtoto yupi aliyekosa wa kumuuliza.

Kitovu cha maonyesho kiwe ramani ya nyuzi. Plaiwudi mbili za futi 8 kwa 4, zikisimamishwa pamoja ukutani, hutosha darasa la wanafunzi 45. Ramani ichorwe kwa penseli kwanza, ndipo ipakwe rangi. Misumari ya inchi moja igongwe nusu, na kila mwanafunzi afunge uzi wa sufu kutoka mahali alikotoka mtu aliyemhoji hadi anakoishi sasa. Kazi ni rahisi, lakini huharibika kwa makosa matatu.

La kwanza ni ramani kukomea kwenye mipaka ya Kenya. Mtoto wa Kinubi au mwenye babu wa Punjab hubaki ameshika uzi usio na pa kufungwa, na darasa zima humwona. Ramani ifike Uganda upande wa kushoto na Sudan upande wa juu. Upande wa kulia pabandikwe kipande cha ubao chenye Gujarat na Punjab, karatasi ya buluu ikiwa bahari katikati, na iandikwe wazi kwamba umbali hapo haukufuata kipimo. La pili ni Kisumu nzima kupewa msumari mmoja. Nyuzi 45 zikikutana hapo hugeuka donge, huteleza, na ramani haisomeki tena. Mji uchorwe mkubwa kwenye ubao wa pembeni, Manyatta, Nyalenda, Obunga, Kondele, Kibos na Dunga kila mmoja na msumari wake. Hapo ndipo wanafunzi huanza kujiuliza kwa nini nyuzi za mahali fulani zote zinaelekea mtaa mmoja, na swali hilo ni somo kamili.

Kosa la tatu ni uzi ulionyooka. Mtu aliyetoka Vihiga, akachuma majani chai Kericho miaka mingi, ndipo akaja Kisumu, uzi wake lazima upite Kericho na kuzungushwa msumari mara mbili. Ukivutwa moja kwa moja, sehemu kubwa ya maisha yake imefutwa. Tena kuwe na uzi wa rangi ya pili kwa safari za kurudi: likizo, kupeleka ada, mazishi. Huku kwetu mtu anaweza kukaa mjini maisha yake yote na bado akapelekwa nyumbani kuzikwa. Ramani isiyo na nyuzi za kurudi haisemi kweli kuhusu watu wa eneo hili.

Kwa upande wa muziki, badala ya mashindano ya ngoma tunapendekeza ala za nyuzi ziwekwe meza moja: nyatiti ya Waluo, litungu la Wabukusu, obokano ya Abagusii, na ikiwezekana endongo ya Waganda. Zote ni jamaa: kisanduku cha sauti kilichowambwa ngozi, mikono miwili na kijiti cha juu kinachokaza nyuzi. Ala za ukoo huo zimetapakaa kuanzia Sudan na Ethiopia hadi hapa kwetu, na Kiswahili chenyewe huziita kinubi, neno lililobeba jina la Wanubi ndani yake. Mtoto akihesabu nyuzi nane za nyatiti, kisha akageukia obokano na kuona ukubwa wake, ameshika mkononi kile ambacho kitabu humweleza kwa kurasa. Aruhusiwe kugusa. Ala ya kuazima isiyoruhusiwa kuguswa ni afadhali ibaki kwa mwenyewe.

Mafundi wa vipaza sauti huikosea nyatiti mara nyingi. Mpigaji huketi chini kwenye kigoda, njuga za gara zikiwa mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu hugonga ukingo wa ala. Kipaza sauti kimoja kilichoelekezwa mdomoni hubeba wimbo na kuacha nyuzi na pete. Viwekwe viwili, kimoja cha sauti na kingine chini, karibu na kisanduku. Jenereta ikae angalau mita 30 mbali, upande unakoelekea upepo. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya, isipangwe karibu na meza hiyo. Ngoma zake tatu, pembe na filimbi zitaimeza nyatiti mara moja. Ngoma hiyo iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na inastahili saa yake yenyewe na uwanja mpana.

Siku yenyewe ianze saa tatu asubuhi na kwisha saa saba, kwa sababu mvua ya Kisumu ina mazoea ya kuja alasiri ikiwa na radi, na kadibodi iliyolowa haina dawa. Gundi ya unga wa ngano, kikombe kimoja kwa vikombe vitano vya maji, ipikwe ya siku hiyo tu, maana kwenye joto letu huchacha upesi. Wageni wagawanywe makundi matano ya watu 15, kila kundi na wanafunzi wawili wa kuliongoza, likae dakika 12 kwenye kila kituo cha maonyesho, kama ramani au meza ya ala, na mpigo wa ngoma uashirie kuhama. Mzunguko mmoja wa vituo vitano huchukua saa moja na robo ukihesabu kutembea, kwa hiyo asubuhi moja hubeba mizunguko mitatu, watu 225. Hotuba zote kwa jumla zichukue dakika kumi, zije mwisho. Kiongozi akichelewa, mizunguko iendelee, naye ajiunge na kundi litakalokuwa linaanza.

Kuna jambo tunalolisema kwa uzito. Uhamaji wa Kenya haukuwa wote wa hiari. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu, na Nakuru na Kisumu zinajua maana yake. Walioteketezewa nyumba wakati huo leo ni wazazi wa wanafunzi wetu, na mara nyingine mtoto wa aliyefurushwa huketi dawati moja na mtoto wa jirani aliyemgeuka. Pasiigizwe moto, panga wala kufukuzana. Jina la kabila lisitajwe kama mkosaji katika mchezo wa mtoto. Mwalimu asome kila simulizi kabla halijatundikwa, na mtoto aweze kuiondoa kazi yake hata asubuhi ya tamasha bila kuulizwa. Picha za watoto zihitaji idhini ya mzazi au mlezi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Kwa watoto wa wakimbizi tunashauri nyuso zisionyeshwe kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo tunapinga alama na vikombe katika tamasha hili. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927 na la Drama tangu 1959, na yote mawili yamekuza vipaji vingi. Mashindano yana mahali pake. Lakini simulizi la nyanya aliyezika mtoto njiani haliwezi kupewa alama 70 na la mwenzake 82. Mara tu alama zinapoingia, watoto hujifunza kuongeza machozi.

Wiki inayofuata, vipindi viwili vya dakika 40 vitengwe kwa wanafunzi kuandika walichoulizwa na wageni wakashindwa kujibu. Vitu vya kuazima, kama masanduku ya bati, picha na vibuyu, viandikwe kwenye daftari siku vinapopokewa, pamoja na jina la mwenye kitu na ufa wowote uliopo tayari, naye atie sahihi tena anapokabidhiwa. Bila daftari hilo, mwaka unaofuata hakuna atakayekubali kutoa chochote.

UNESCO imetenga wiki ya nne ya Mei kuwa wiki ya elimu ya sanaa. Wakati huo Drama ya kitaifa huwa imekwisha na fainali za muziki za Agosti bado ziko mbali. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, yana boma la Kiluo ambamo vituo vitano vinaenea vizuri, na mvua ikiwahi, upo ukumbi wa Mama Grace Onyango. Tunaiomba idara ya utamaduni ya kaunti itupe asubuhi moja ya wiki hiyo, plaiwudi kumi, na basi la kuwarudisha watoto shuleni kabla ya saa nane.

Walimu wa sanaa na somo la jamii,
Kisumu