Wanangu wa vumbi la mawe, nisikilizeni

Wanangu mafundi na saidia fundi,

Juzi nilimkuta kijana akikata kigae kwa grenda, kikavu, kope zote nyeupe. Barakoa alikuwa nayo, imening'inia kidevuni. Nilipomsemesha akacheka: "Mzee, vumbi nimeshalizoea."

Neno hilo limeninyima usingizi. Nani kawadanganya kwamba mapafu huzoea? Vumbi unalojipangusa usoni si lenye shida. Shida ni chembe za silika, madini yaliyomo katika mawe na vigae, chembe usizoziona, zinazozama ndani ya mapafu na kuyatia makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na hukikaribisha kifua kikuu. Tangu mwaka 1997 vumbi hilo limo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani.

Mwenzangu niliyechonga naye mawe alianza kwa kupumzika katikati ya ngazi. Mwishowe akawa analala ameketi. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili, wala hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani! Na swali hilo Ramazzini, daktari wa Italia, aliwahimiza wenzake wamuulize kila mgonjwa tangu mwaka 1700.

Basi kateni kwa maji. Tumieni mashine iliyoundwa kwa ajili hiyo, msije mkapigwa na umeme; maji yatiririke penye diski, vumbi linaswe kabla halijapaa. Kitambaa puani ni kujifariji tu. Vaeni barakoa ya kuchuja vumbi, N95 au FFP2, ikae sawasawa, na ndevu zinyolewe, maana hewa hupenya hapo. Ufagio mkavu, hapana. Kujipuliza nguo kwa kompresa, hapana kabisa. Nguo za kazi msiende nazo kumbeba mtoto.

Masikio nayo yazibeni. Tina ya kuchanganyia rangi msiifungue katika chumba kisicho na dirisha. Mzigo mzito, itaneni.

Nanyi wenye kazi, mnaogawa barakoa asubuhi ya ukaguzi na kuzikusanya jioni, mnamficha nani? Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya kazini katika haki za msingi. Kwa hiyo barakoa si sadaka yenu. Australia ilifika mahali pa kupiga marufuku mawe ya kutengenezwa kiwandani, Julai 2024, kwa sababu ya mapafu ya wakataji. Ninyi hata ndoo ya maji mnaona gharama.

Wewe kijana wa juzi, sina ugomvi nawe. Kesho nitapita tena hapo.