Barua ya wazi kwa Waziri wa Uvuvi: kipimo kiwekwe mezani kwa mnunuzi

Mheshimiwa Waziri,

Kwanza salamu na heshima. Mimi ni mvuvi wa kambakoche, mwenye mashua moja na baharia mmoja. Nimezisoma kanuni mpya mnazoziandaa mpaka ukurasa wa mwisho. Faini ya atakayekutwa na kamba mdogo imepanda, akirudia kosa anafutiwa leseni, na boti za doria zitaongezwa. Yote hayo yanamwangukia aliye majini. Aliye nchi kavu na mizani yake hakutajwa hata mara moja.

Tunatoka kabla ya alfajiri, upepo ukiwa bado umelala. Madema, yaani mitego yetu ya kamba, yamelala chini tangu jana, yametulizwa kwa mawe, ndani yana chambo cha samaki anayenuka, na kila moja lina kamba na boya lake. (Lugha yetu ina utani: kamba tunayoivuta na kamba tunayemtafuta wana jina moja, na wote wawili wanachana viganja.) Mmoja anashika usukani, mwenzake anavuta. Kinachotutisha zaidi ya wimbi ni ile kamba iliyojikunja miguuni. Ikikunasa kifundo wakati dema linashuka, unalifuata. Ndiyo maana kila mmoja wetu ana kisu pale mkono unapofika gizani.

Watu hudhani dema ni jela. Mwaka 2001 watafiti wa New Hampshire, Marekani, walitoa matokeo ya kamera waliyoifunga kwenye dema: katika kila kamba 100 walioingia, 94 walitoka wenyewe. Tunaowavuta ni wale waliokawia kwenye chakula. Tundu la kuwatoa wadogo mmeliweka katika kanuni, na kwa hilo nawashukuru. Ongezeni na kidirisha kilichofungwa kwa uzi unaooza na kukiacha wazi, maana dema lililokatwa kamba na rafadha ya meli huendelea kunasa huko chini bila mwenyewe.

Sasa kamba yuko mkononi. Napima gamba la mgongo, kuanzia tundu la jicho hadi linapoishia, nakuta amepungua upana wa ukucha. Au ni jike, na chini ya mkia amejaa mayai. Sheria inasema arudi, na sababu yake naijua. Kamba wa maji baridi ya Amerika Kaskazini huchukua miaka mitano hadi saba kufikia karibu nusu kilo. Jike wa uzito huo hubeba kama mayai 8,000, na huyabeba miezi tisa au zaidi. Jike wa kilo nne anaweza kupita mayai 100,000.

Mbona basi wapo wasiomrudisha? Mashine iliyo nyuma ya mashua ni ya mnunuzi. Mafuta ya leo kayakopesha yeye. Kamba aliyekufa nyama yake huharibika upesi, kwa hiyo hatuwezi kumgomea mnunuzi tukangoja bei ya kesho, naye analijua hilo vizuri kuliko sisi. Anasema leteni wote, wadogo nitawachukua kwa nusu bei. Jike aliyesuguliwa mayai kwa brashi anapita mezani kwake bila swali. Mimi mwenyewe nimewahi kuishika brashi hiyo, msimu mmoja dhoruba ilipotufungia pwani wiki mbili na deni likazidi. Sijivunii, ila nisingekuwa mkweli kwako kama ningelificha.

Mheshimiwa, boti ya doria haiwezi kukaa kwenye kila mwamba. Wanunuzi ni wachache, milango yao inajulikana, na takriban kila kamba anayevuliwa lazima apite hapo. Wekeni kipimo hapo. Atakayekutwa na wadogo kwenye matangi yake afungiwe leseni ya kununua, na adhabu hiyo itangulie ile ya mashua. Wiki hiyohiyo utaona wadogo wanarudishwa majini, kwa sababu hakuna atakayewalipia.

Na hao majike, huko Maine, Marekani, wavuvi humkata mwenye mayai alama ya V kwenye pezi la mkia kabla ya kumrudisha. Kuanzia hapo ni marufuku kumchukua, hata akivuliwa tena akiwa hana yai hata moja. Alama hiyo haifutiki kwa brashi, na mnunuzi akiiona hawezi kusema hakujua.

Liko na suala la deni, ambalo kipimo peke yake hakilimalizi. Baja California, huko Meksiko, vyama vya ushirika vya wavuvi wa boti ndogo vimepewa haki ya kuvua kamba katika maeneo yao wenyewe. Wanayalinda wenyewe na kuuza kwa pamoja. Mwaka 2004 uvuvi wao ulipata cheti cha Marine Stewardship Council, shirika la kimataifa linalothibitisha uvuvi usiomaliza viumbe wa baharini. Sisi tunaomba hatua ndogo zaidi: mkopo wa mashine usiotoka kwa yule anayetupangia bei, na matangi ya pamoja ya kuwaweka kamba hai hata siku tatu. Siku tatu zinatosha kumfanya mtu akatae nusu bei.

Kipimo changu ni cha shaba, kingo zake zimelika kwa kutumika. Mkiitisha kikao cha maoni nitakuja nacho. Waalikeni na wanunuzi, waje na vyao.

Wako,
Mvuvi wa mashua ndogo