Watayarishaji wa Bongo Muvi, CD orijino bado tunazitaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watayarishaji wa filamu za hapa nyumbani. Mimi ni fundi cherehani wa Nansio, Ukerewe. Kwenye fremu yangu kuna televisheni na deki, na wateja wanaosubiri nguo zao huangalia muvi. Siku hizi kila nikiulizia filamu mpya kwa wauza CD najibiwa, "Hiyo inatoka mtandaoni, mama, subiri." Basi nasubiri. Ikishaingia mtandaoni, wanaoiwahi ni vijana wanaorusha muvi kwenye flashi, na haipiti muda naikuta sokoni imebanwa ndani ya CD moja pamoja na nyingine kumi na nne.

Hapo ndipo ninapoumia. Hizi tunazoziita CD nyingi ni DVD, na DVD ya kawaida ina nafasi ya GB 4.7. Orijino inaitumia nafasi hiyo kwa filamu moja tu, ndiyo maana unamwona mwigizaji hadi machozi yanapoanza kumlenga. Shindilia filamu kumi na tano humo humo, kila moja inabakiwa na kama MB 300. Picha inakatika vipande vya mraba, midomo inatangulia sauti, na kitenge alichovaa mama mkwe huyaoni hata maua yake. Mimi ni fundi, nguo ndizo ninazoziangalia kwanza! Ukitaka kujua uliyouziwa, igeuze: orijino kwa chini inang'aa rangi ya fedha, iliyochomwa mtaani ina zambarau. Kisha tafuta kwenye kava ile stika ya kodi iliyoanza 2013. Haipo? Basi aliyeigiza na aliyeshika kamera hawajapata hata senti katika hela uliyotoa.

Mtandao una faida yake, sikatai. Mtanzania aliyeko Muscat au London anaangalia filamu ya Dar siku inapotoka. Lakini filamu ya saa mbili yenye picha safi hula GB mbili na zaidi, na bando nalijua mwenyewe linavyoisha. Tena nikishalipia, muda ukipita imefungwa. Siwezi kumwazima jirani, siwezi kuirudia Krismasi na watoto.

Hata waliotutangulia kwa intaneti yamewakuta. Mwishoni mwa 2023 Sony iliwatangazia wenye PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyokwisha kuvinunua vitaondolewa. Watu wakapiga kelele, uamuzi ukarudishwa nyuma. Jimbo la California huko Marekani nalo likatunga sheria, ikaanza kazi Januari 2025, kwamba muuzaji wa mtandaoni amweleze mteja waziwazi kuwa anachokipata ni ruhusa ya kutumia tu, si mali yake. CD zangu za marehemu Kanumba, aliyetutoka Aprili 2012, hadi leo zinacheza, na hakuna wa kunifungia.

Kwa hiyo naomba hivi. Siku filamu inapoingia mtandaoni, CD zake nazo ziwe dukani, zenye stika, hata kama ni chache. Zikifika Mwanza, meli itatuletea. Kama kutengeneza CD kumekuwa gharama, basi uzeni flashi zenu wenyewe zenye filamu ndani, maana televisheni nyingi za sasa zina tundu la flashi na deki mpya zimeanza kuadimika. Kumwambia mtu wa visiwani "subiri" bila kumpa kitu cha kununua ni kumsukuma kwa mchomaji, na mchomaji hasubiri mtu.

Jingine ni filamu za zamani. VCD, zile CD za kabla ya DVD, moja ilibeba kama dakika 80 tu, ndiyo maana filamu ndefu ilikuja na CD mbili. Wengi wetu ya pili ilishapotea au kuchunika, na huo mwisho wa hadithi hatuupati tena. Mtayarishaji mwenye kanda zake za mwanzo aziweke filamu hizo kwenye DVD, kila moja nzima na safi, kabla hata yeye hazijamharibikia. Na kama kuna muuzaji wa Mwanza au Dar aliyebakiwa na maboksi ya CD orijino stoo, asiyatupe. Ayalete Nansio, mimi nitanunua, na wateja wangu ninaowajua watanunua.

Fundi cherehani,
Nansio, Ukerewe